Siku 172: kwa nini mrushaji aliyeiva husubirishwa katika ligi ndogo

Tarehe 11 Mei 2024, katika uwanja wa PNC Park ulio kando ya mto Allegheny mjini Pittsburgh, kijana wa miaka 21 mwenye urefu wa karibu mita mbili alipanda kwenye tuta la kurushia mpira kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Mpigaji wa kwanza kumkabili, Mike Tauchman wa Chicago Cubs, alitolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoshindwa kuipiga. Hadi alipoondolewa mchezoni katika awamu ya tano kati ya tisa za mchezo, Paul Skenes alikuwa amewatoa wapigaji saba kwa njia hiyo, na mipira 17 kati ya 84 aliyoirusha ilifikia au kupita kasi ya kilomita 161 kwa saa. Warushaji wa akiba waliomfuata walishindwa kabisa kulenga shabaha, wakawagawia Cubs pointi kama sadaka, mvua nayo ikausimamisha mchezo kwa zaidi ya saa mbili, na mwishowe Pittsburgh Pirates wakashinda kwa pointi 10 dhidi ya 9.

Mashabiki wa Pirates waliokuja kumwona walikuwa wamelisubiri jina hilo kwa wiki sita. Tangu mwisho wa Machi Skenes alikuwa Indianapolis, katika timu ya ligi ndogo inayoilisha klabu yao wachezaji, na huko alikuwa ameanza michezo saba, akarusha awamu 27 na theluthi moja, akawatoa wapigaji 45 kwa straiki na kuruhusu wastani wa pointi 0.99 kwa kila awamu tisa. Wastani huo ndio kipimo kikuu cha mrushaji: aliye chini ya 3 ni mzuri, na aliye chini ya 2 kwa msimu mzima hupatikana kwa nadra sana. Kijana mwenye 0.99 alikuwa anafanya nini Indianapolis? Swali hilo huulizwa kila mwaka kuhusu mchezaji huyu au yule, na majibu yanayotolewa huchanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, yaani afya ya mkono na hesabu ya siku.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye besiboli kwake ni mchezo wa kwenye runinga tu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 161 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo mpigaji anatakiwa autambue mpira, akadirie utakapopita, aamue kuupiga au kuuacha, kisha aulete mti wake wa kupigia mahali pale. Kasi peke yake haimshindi mpigaji wa Ligi Kuu, kwa sababu akiuona mpira wa aina moja mara tatu au nne atakuwa amekwisha kuuzoea. Kwa hiyo mrushaji huhitaji mipira miwili au mitatu inayotoka mkononi ikifanana na kuachana njiani. Skenes alipofika Pirates alikuwa tayari na mpira wa kasi na mwingine unaokata kuelekea pembeni. Katika miezi iliyofuata aliongeza mmoja ambao wenyewe huuita splinka, unaokwenda kwa kilomita 150 hivi kwa saa na kuzama ghafla unapomkaribia mpigaji. Mpira wa aina hiyo haupatikani kwa kuagizwa na kocha. Huzaliwa katika mazoezi ya siku nyingi, kwa kubadilisha namna vidole vinavyoshika mshono wa mpira, na ligi ndogo ndiko mahali ambapo mrushaji anaweza kuujaribu bila kila kosa kuandikwa kwenye magazeti ya mji mzima.

Ligi hizo ndogo ni ngazi halisi, na kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ina yake. Chini kabisa kuna timu za kambi za mazoezi, ambazo huwa Florida au Arizona, na nyingine katika Jamhuri ya Dominika. Juu yake kuna ngazi nne za timu zinazocheza msimu mzima: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Kwa Pirates, ngazi hizo zina majina ya miji: Bradenton, Greensboro, Altoona, Indianapolis. Msomaji aliyezoea soka angeweza kudhani kuwa hizi ni kama madaraja ya ligi, ambapo timu inayoshinda hupanda. Sivyo. Timu ya Altoona itabaki Double-A hata ikitwaa ubingwa, kwa sababu anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, na anayeamua apande lini ni ofisi ya klabu mama kule Pittsburgh.

Njia ya kawaida ya mrushaji katika ngazi hiyo inaonekana vizuri kwa mwenzake Skenes, Jared Jones. Yeye alichaguliwa na Pirates mwaka 2020 akitoka sekondari huko California, katika zoezi la kila mwaka ambapo klabu hupokezana zamu za kuchagua vijana. Mwaka 2021 alikuwa Bradenton, mwaka 2022 Greensboro, mwaka 2023 akaanzia Altoona na kumalizia Indianapolis, na mwishoni mwa Machi 2024, akiwa na miaka 22, alirusha mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu mjini Miami na kuwatoa wapigaji 10 kwa straiki. Kila mwaka alipanda angalau ngazi moja, na hiyo ni kasi nzuri. Wapo wanaokaa zaidi. Tayler Scott wa Afrika Kusini, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa bara letu kucheza Ligi Kuu, alichaguliwa na Cubs mwaka 2011 na hakupanda tuta la Ligi Kuu hadi mwaka 2019, akiwa amekwisha kuhamia Seattle Mariners. Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza kabisa kuicheza ligi hiyo, ingawa yeye hakuwa mrushaji, alisajiliwa na Pirates hawa hawa mwaka 2008 na kupandishwa Aprili 2017. Walio wengi hawafiki kamwe, na hilo ndilo jambo ambalo habari za vijana walioibuka hulisahau kwa urahisi.

Skenes aliipanda ngazi hiyo kwa miezi kumi. Sababu moja ni kwamba sehemu kubwa ya safari yake aliifanya kabla ya kusajiliwa. Alisoma miaka miwili katika Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako alikuwa mrushaji na pia mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Huko, katika msimu mmoja wa 2023, aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, chuo chake kikatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo, na yeye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano hayo ya mwisho. Julai 2023 Pirates, waliokuwa na zamu ya kwanza ya kuchagua, walimchukua mbele ya wachezaji wote na kumlipa dau la usajili la dola milioni 9.2, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamelipwa kwa mchezaji aliyechaguliwa kwa utaratibu huo.

Hapa ndipo suala la mkono linapoanza. Chuoni Skenes alikuwa amekwisha kurusha awamu zaidi ya 122 kati ya Februari na Juni. Kurusha mpira kwa nguvu namna ile ni tendo ambalo kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kulivumilia. Kano fupi iliyo upande wa ndani wa kiwiko, inayoshikamanisha mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini, huvutwa kila mara mkono unapozunguka, na inapochanika mrushaji hupotea uwanjani kwa mwaka mmoja au zaidi. Tangu mwaka 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kuibadilisha kano hiyo kwa kano iliyotolewa mahali pengine mwilini, warushaji wengi sana wamepita chini ya kisu hicho. Klabu iliyotoa milioni 9.2 haikuwa tayari kucheza kamari na kano hiyo. Kwa muda uliobaki wa mwaka 2023 ilimruhusu Skenes arushe awamu 6 na theluthi mbili tu, zilizogawanywa katika michezo mitano kwenye ngazi tatu.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa hayo hayo. Katika michezo yake minne ya mwanzo huko Indianapolis aliondolewa kila mara baada ya awamu tatu na kidogo, ingawa hakuwa ameruhusu pointi hata moja. Mtazamaji aliyelipa kiingilio chake bila shaka aliguna. Hata hivyo mantiki yake ilikuwa wazi: mrushaji wa Ligi Kuu anayeanza mchezo hutarajiwa kurusha mipira 90 au 100 kila baada ya siku tano, na mkono hujengwa kufikia mzigo huo kama mkimbiaji wa marathoni anavyojenga miguu, kwa kuongeza kidogo kidogo. Ikiwa klabu inajua pia kwamba haitaki mkono huo urushe awamu 180 mwaka ule, basi awamu zinazopunguzwa zitatoka mahali fulani, na Aprili ya Triple-A ndiyo mahali pa gharama ndogo zaidi pa kuzipunguzia.

Sasa tuje kwenye kalenda, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko. Katika Ligi Kuu kila siku ambayo mchezaji yumo katika kikosi cha watu 26 huandikwa kwenye hesabu inayoitwa muda wa utumishi. Siku 172 ni mwaka mmoja kamili, ijapokuwa msimu una siku zipatazo 186. Mchezaji aliyetimiza miaka mitatu ya utumishi hupata haki ya kupeleka madai ya mshahara wake kwenye usuluhishi. Aliyetimiza sita huwa mchezaji huru na anaweza kuuza huduma yake kwa klabu yoyote. Kabla ya hapo yuko mikononi mwa klabu iliyomsajili, na katika miaka mitatu ya mwanzo klabu inaweza kumlipa kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000 kwa msimu.

Ukizipanga namba hizo utaona mwanya wenyewe. Mchezaji akiachwa katika ligi ndogo kwa wiki mbili na siku chache za mwanzo wa msimu, hawezi tena kutimiza siku 172 mwaka ule. Mwisho wa mwaka wa sita atakuwa na miaka mitano na siku kadhaa, na klabu itapata mwaka wa saba wa huduma yake, mwaka ambao kwa kawaida ni wa kilele cha uwezo wake. Wiki mbili za Aprili zinageuka kuwa msimu mzima wa mtu mzima aliyekomaa.

Mfano uliowakasirisha wengi ni wa Kris Bryant wa Chicago Cubs, ambaye alikuwa mpigaji. Machi 2015, katika michezo ya maandalizi, alipiga mipira tisa nje ya uwanja, na bado alianza msimu akiwa Triple-A. Alipandishwa tarehe 17 Aprili. Msimu ulipokwisha alitangazwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka, na hesabu yake ikasoma siku 171. Ilikosekana siku moja. Alifungua malalamiko rasmi kupitia chama cha wachezaji, na mwaka 2020 msuluhishi aliyatupilia mbali, kwa kuwa klabu ilikuwa imetumia haki iliyoandikwa katika mkataba. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi kisheria na mchungu kwa haki, na uchungu huo ndio uliofanya kanuni ibadilishwe.

Mabadiliko yalikuja katika mkataba wa pamoja wa mwaka 2022 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, uliosainiwa baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa zaidi ya miezi mitatu. Kifungu kimoja kinasema kuwa chipukizi atakayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji chipukizi bora wa ligi yake atahesabiwa mwaka mmoja kamili wa utumishi, hata kama alipandishwa Juni. Kifungu kingine kinaipa klabu zawadi ya kuchagua mchezaji wa ziada ikimweka chipukizi wake bora kikosini tangu mwanzo wa msimu na kijana huyo akatwaa tuzo. Kimoja ni fimbo na kingine ni kishawishi, na vyote viwili vililenga kuwafanya wenye klabu waache kuhesabu siku za Aprili.

Je, Pirates walizihesabu siku za Skenes? Tufanye hesabu wenyewe. Kutoka tarehe 11 Mei hadi tarehe 29 Septemba 2024, siku ambayo Pirates walimaliza msimu wa kawaida, ni siku 142, ambazo ni pungufu ya mwaka kwa siku 30. Lakini mwanya wa kupata mwaka wa ziada ulikuwa umekwisha kufikiwa katikati ya Aprili. Kama nia ilikuwa ni kalenda peke yake, Skenes angepandishwa karibu na tarehe 15 Aprili, na Pirates wasingepoteza chochote. Wiki nne zilizofuata zinaelezwa vizuri zaidi na zile awamu tatu na kidogo za kila mchezo: aliyekuwa akiondolewa mapema namna ile hakuwa bado na mzigo wa kuanza mchezo wa Ligi Kuu. Kwa hiyo nadhani wanaosema klabu ilikuwa inabana siku tu wanakosea, na wanaosema kalenda haikuwa na nafasi yoyote nao wanatutaka tuamini kwamba ofisi inayolipwa kupiga hesabu haikuipiga ile iliyo rahisi kuliko zote.

Kilichofuata ndicho kilichozifuta hesabu hizo. Siku sita baada ya mchezo wa kwanza, huko Wrigley Field mjini Chicago, Skenes aliwatoa wapigaji saba wa mwanzo wote kwa straiki na kumaliza awamu sita bila Cubs kupiga hata mpira mmoja uliowafikisha salama kwenye besi. Alikuwa amerusha mipira 100, na benchi likamtoa. Tarehe 11 Julai huko Milwaukee alifanya hivyo hivyo kwa awamu saba na mipira 99, Pirates wakiongoza kwa pointi moja tu, na safari hiyo pia alikabidhi mpira na kwenda kukaa. Mashabiki walilalamika kwamba kijana amenyimwa nafasi ya kuingia katika historia. Aliyefuatilia tangu Indianapolis aliuona mkono ule ule wa tahadhari ukiendelea kumlinda, sasa ukiwa umeruhusu mipira 100 badala ya awamu tatu. Siku tano baadaye alipewa heshima ya kuanza Mchezo wa Nyota, ule wa kila mwaka wa wachezaji bora wa Ligi Kuu, huko Arlington, Texas, akiwa na michezo 11 tu ya Ligi Kuu nyuma yake, na chipukizi wa mwisho kuanza mchezo huo kabla yake alikuwa Mjapani Hideo Nomo mwaka 1995.

Alimaliza mwaka 2024 akiwa na wastani wa 1.96, ushindi 11 na kushindwa mara 3, na wapigaji 170 waliotolewa kwa straiki katika awamu 133. Novemba alitangazwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, moja ya matawi mawili ya Ligi Kuu, mbele ya Jackson Merrill wa San Diego, na hapo siku zake 142 zikageuka kuwa mwaka mzima. Badala ya kuwa mchezaji huru baada ya msimu wa 2030, atakuwa huru baada ya ule wa 2029. Pirates, kwa upande wao, hawakupata ile zawadi ya kuchagua mchezaji wa ziada, kwa sababu hakuwamo kikosini tangu mwanzo. Kifungu cha 2022 kilifanya kazi yake pande zote mbili.

Fedha nazo zinastahili kusemwa, kwa kuwa pengo kati ya ngazi ya juu na inayoifuatia ni kubwa mno. Hadi mwaka 2022 mchezaji wa Triple-A alilipwa kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka, na wa Single-A dola 11,000, kiasi ambacho huko Marekani hakitoshi kodi ya nyumba na chakula. Mwaka 2023 wachezaji wa ligi ndogo walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, na vima hivyo vikapanda hadi 35,800 na 26,200. Hata baada ya nyongeza hiyo, siku moja ya kima cha chini cha Ligi Kuu ina thamani ya wiki kadhaa za Indianapolis. Kwa Skenes mwenye dau lake la milioni 9.2 tofauti hiyo haikuwa suala la maisha. Kwa kijana kama David Matoma, mrushaji wa Uganda aliyesajiliwa na Pirates mwaka 2023 na kuanzia katika ngazi za chini, hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Uganda ina mizizi katika mchezo huu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo halitajwi sana, nalo linahusu majeraha. Mchezaji wa Ligi Kuu akiumia huwekwa katika orodha ya majeruhi, na huko mshahara wake unaendelea na siku zake zinaendelea kuhesabiwa. Mei 2025 Jared Jones alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na hakurusha mpira hata mmoja wa Ligi Kuu mwaka ule, lakini muda wake wa utumishi uliongezeka kila kulipokucha. Mrushaji aliyechanika kano ile ile akiwa Altoona hupokea mshahara wa Double-A, na hesabu yake ya siku hubaki sifuri. Kwa mtu ambaye chombo chake cha kazi ni kano fupi inayoweza kukatika Jumanne yoyote, tarehe ya kupandishwa ni zaidi ya heshima. Wiki mbili zinaweza kuamua kama atauguza kiwiko chake akiwa na bima ya miaka au akiwa hana kitu.

Mwaka huo huo wa 2025 Skenes alirusha msimu mzima, wastani wake ukawa 1.97, akawatoa wapigaji 216 kwa straiki na kupewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa Ligi ya Taifa kwa kura zote. Rekodi yake ya ushindi ilikuwa 10 kwa 10, kwa sababu Pirates hawakumfungia pointi za kutosha. Mkataba wa pamoja wa 2022, wenye kile kifungu kilichozijaza siku zake, una tarehe yake ya mwisho, 1 Desemba 2026. Katika kamati ndogo ya utendaji ya chama cha wachezaji, ile yenye watu wanane wanaosimamia msimamo wa wenzao katika mazungumzo na wamiliki, Skenes alichaguliwa kuwa mmoja wao mwishoni mwa 2024, akiwa na mwaka mmoja wa utumishi.